Miezi Mitatu ya JKT kwa Mujibu wa Sheria: Tathmini ya Mama Aliyepita Kambini Kabla ya Bintiye

Binti yangu, ambaye ndiye kitinda mimba, alipomaliza kidato cha sita hapa Dar es Salaam alipangiwa kambi ya Ruvu, iliyoko Mlandizi mkoani Pwani, kwa mafunzo ya miezi mitatu ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Mimi mwenyewe nilipita JKT mwaka 1988, katika kambi ya Makutupora, Dodoma, wakati mafunzo hayo yalipokuwa ya mwaka mzima. Ninaitathmini huduma hii nikiwa nimeionja mara mbili, kwanza kama kuruta na baadaye kama mama anayeweka simu karibu na mto usiku kucha. Ninawaandikia hasa wazazi wanaojiuliza kama kijana wao aripoti kambini au atafutiwe sababu ya kubaki nyumbani mpaka chuo kifunguliwe.

Niseme mapema kwamba ushauri wangu ni aende. Hata hivyo, sababu yangu si ile inayotajwa sana mitaani, kwamba JKT humkakamaza mtoto aliyedekezwa au kwamba humfungulia njia ya ajira. Thamani ya mafunzo haya ni kwamba yanawaweka vijana wasiojuana, wenye dini, makabila na vipato mbalimbali, katika hanga moja, yaani bweni la kambini, kwa sahani za aina moja na amri moja, na hapana hata mmoja kati yao anayeweza kununua nafasi ya kuwa tofauti. Katika jiji hili mtoto anaweza kusoma kuanzia chekechea hadi kidato cha sita bila kukaa meza moja na mtoto wa mkulima, na mahali pengine pa kurekebisha jambo hilo sipaoni.

Tuanze na maandalizi, kwa sababu hapo ndipo mzazi anapotumia fedha zake. Mafunzo hayana ada. Kinachotakiwa ni nauli ya kwenda na kurudi, nyaraka za shule, na vifaa vinavyotajwa katika tangazo la wito: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, yenye mfuko mmoja nyuma na urefu unaofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, na suti ya mazoezi ya kijani au bluu. Waliopangiwa mikoa ya baridi huongeza nguo za kujikinga. Orodha ni fupi, na ninawasihi wazazi waisome neno kwa neno, kwa maana mimi sikuisoma hivyo.

Nilikwenda Kariakoo, nikaingia katika duka moja ambalo mbele lilitundika bukta, fulana na raba kama seti kamili. Muuzaji alinihakikishia, "Mama yangu, hii ndiyo yenyewe ya JKT, wazazi wote wanachukua hapa." Nilimwamini, nikalipa bukta mbili, nikarudi Temeke. Binti yangu alipozikunjua kitandani na kuweka tangazo pembeni, tuliona zipu mbele, mifuko miwili ubavuni, na rangi iliyokuwa karibu na nyeusi kuliko bluu. Kesho yake nilirudi nazo pale dukani, nikaambiwa mali ikishatoka hairudi. Nilikosea kwa kutofungua mfuko palepale, lakini muuzaji naye alijua anachouza, na nilisikitika kuona mtu anajipatia faida kwa wasiwasi wa wazazi wanaokimbizana na tarehe.

Suluhisho lilipatikana kwa fundi cherehani wa kike, Tandika sokoni, ambaye alisoma tangazo mwenyewe kwenye simu yangu huku akipima kiuno cha binti yangu kwa futi. Alinionyesha jambo ambalo sikulifikiria: mpira wa kiunoni ukishonwa mwembamba hujiviringisha mtu akikimbia, kwa hiyo alitumia mpira mpana na kuupitishia mishono mitatu. Mfuko wa nyuma aliushonea kifuniko. Bukta hizo zilirudi kutoka Ruvu zimepauka magotini lakini mpira ukiwa bado unavuta, nami ninapendekeza njia hiyo kwa kila mzazi mwenye siku tatu za kusubiri.

Wakati wa kumpeleka stendi ya Magufuli, Mbezi, binti aliniuliza swali ambalo nadhani vijana wengi wanalo: kwa nini mtu anayetaka kusomea uhasibu alazimike kupiga kwata? Njia nzima kutoka Temeke nilijaribu kumjibu, na kwa kuwa jibu ni la historia, nitalieleza hapa kwa urefu kidogo.

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru. Wazo lilitoka kwa Umoja wa Vijana wa TANU, na kambi ya kwanza ilikuwa Mgulani, palepale Barabara ya Kilwa ambapo sisi watu wa Temeke tunapita kila siku na daladala bila kugeuza shingo. Nchi ilikuwa na vijana wengi waliopigania uhuru kisiasa lakini hawakuwa na kazi wala stadi, na serikali ilihitaji barabara, mashamba na mahali pa kuwafanya vijana wa pande zote wajione watu wa taifa moja. Silaha zilikuwepo katika mafunzo, ila jembe ndilo lililotangulia, na jina lenyewe linasema hivyo.

Miezi sita baadaye, tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni, waliasi katika kambi ya Colito, na uasi ukazimwa tarehe 25 kwa msaada wa majeshi ya Uingereza. Kambi hiyo ndiyo tunayoiita leo Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwezi Agosti 1891. Jina la zamani lilitokana na mapigano ya Ethiopia ya mwaka 1941 ambamo askari wa Kiafrika walipigana chini ya bendera ya Mwingereza. Hupenda kuwaeleza wanangu jambo hili kila tunapopita kituo cha Lugalo, kwa sababu mabadiliko ya jina hilo moja yanaeleza mabadiliko ya jeshi zima. Baada ya uasi jeshi la kikoloni lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), ambalo lilichukua askari wake wapya kutoka miongoni mwa vijana wa TANU na wa JKT. Tangu hapo JKT imekuwa pia mlango wa kuingilia jeshini, na mwaka 1975 ikaunganishwa kabisa na JWTZ. Vita vya Kagera vilipokuja mwishoni mwa mwaka 1978, vijana waliokuwa makambini walikuwa miongoni mwa waliokwenda mstari wa mbele. Mjomba wangu alikuwa mmojawapo. Alirudi, akalima Kilosa mpaka uzee, na kila asubuhi alitandika kitanda kwa namna ileile aliyofundishwa kambini.

Lakini swali la binti yangu lilihusu wasomi, na hapo historia ni chungu zaidi. Sheria ilipopendekeza mwaka 1966 kwamba wahitimu wa elimu ya juu wautumikie umma kwa miaka miwili, wakianza na miezi kambini kisha kufanya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine vya jijini waliandamana tarehe 22 Oktoba hadi Ikulu. Mojawapo ya mabango yao lilisema kwamba wakati wa ukoloni kulikuwa na nafuu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza chuo karibu wanafunzi 400 na kuwarudisha makwao. Wengi husimulia habari hiyo na kuishia hapo. Mimi huendelea mbele kidogo, kwa sababu siku hiyohiyo Mwalimu alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na kugusa mishahara ya viongozi wa juu, akikubali kwamba wanafunzi walikuwa na hoja kuhusu tofauti ya vipato. Azimio la Arusha lilifuata miezi michache baadaye, Februari 1967. Tangu maandamano yale, kumpeleka msomi kambini kulikuwa na maana moja: asome kwa jasho la wengine, kisha atoe jasho pamoja nao. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikaza kamba zaidi kwa kutaka vijana wa kidato cha sita wamalize JKT na kufanya kazi kwanza ndipo waombe chuo kikuu.

Mwaka 1994 utaratibu wa mujibu wa sheria ulisitishwa, serikali ikiwa na hali ngumu ya fedha. Ulirejeshwa mwaka 2013 chini ya Rais Kikwete, na kundi la kwanza lilikuwa na wabunge vijana waliovaa kombati kama kuruta wengine. Kwa karibu miaka 20, basi, vijana wa kidato cha sita walikwenda moja kwa moja chuoni. Wanangu wakubwa ni wa kizazi hicho, na ninapowalinganisha na mdogo wao naona tofauti ambayo siwezi kuipa jina jingine zaidi ya kuzoea watu.

Sasa niingie katika mafunzo yenyewe. Siku huanza kabla ya alfajiri kwa filimbi, mchakamchaka na nyimbo ambazo vijana huziita chenja, kisha usafi wa hanga na mazingira, ukaguzi, kwata uwanjani, na masomo. Vijana hujifunza kutumia na kutunza silaha, kulenga shabaha, usomaji wa ramani, huduma ya kwanza, uraia na historia ya nchi, pamoja na kazi za mikono. Jioni kuna michezo, na usiku zamu za ulinzi. Binti yangu alisema kilichomtesa zaidi hakikuwa mbio, kilikuwa kusimama wima juani bila kupangusa jasho linalotiririka juu ya jicho. Ninakumbuka jasho hilo. Tulifundishwa kwamba askari asiyeweza kuvumilia tone moja hawezi kuvumilia lindo la usiku, na nilipokuwa na miaka 19 niliona ni ukatili. Leo, baada ya kuuguza wazazi wangu wote wawili, ninajua nilifundishwa nini.

Kundi la kila mwaka hupewa jina la operesheni, kama vile Operesheni Miaka 50 ya Muungano au Operesheni Magufuli, na vijana hujitambulisha kwa jina hilo maisha yao yote. Jambo jingine ninalolipenda, na ambalo wazazi wengi hawalijui, ni kwamba vijana wenye ulemavu unaoonekana huelekezwa kuripoti Ruvu, kwa kuwa kambi hiyo ina miundombinu ya kuwahudumia. Katika platuni jirani na ya binti yangu alikuwepo kijana anayetembea kwa mkongojo, na alihitimu pamoja na wenzake.

Siku ya kufunga mafunzo nilifika mapema, nikakaa chini ya turubai na wazazi waliotoka Mbagala, Bagamoyo, Morogoro na kwingineko. Ninaitaja siku hii kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya huduma ambayo mzazi huiona kwa macho yake, na iliandaliwa vizuri: maji yalikuwepo, vijana wa mapokezi walikuwa na adabu, na ratiba ilifuatwa. Gwaride liliingia kwa mwendo wa haraka. Nilimtafuta binti yangu kombania ya kwanza, sikumwona, na kombania ya pili nikampita mara mbili kabla ya kumtambua kwa kovu dogo la kidevuni. Alipita umbali wa hatua kama kumi kutoka nilipokaa, na hakugeuza jicho. Mkono wake ulipanda mpaka usawa ule hasa wa mkono wa aliyekuwa kulia kwake na wa aliyekuwa kushoto, na visigino vilipogonga ardhi pamoja kwenye amri ya "mguu sawa", nilisikia sauti moja tu kutoka kwa mamia ya miguu. Mama aliyekaa karibu yangu, ambaye hatukuwa tumesalimiana, alinishika mkono. Baada ya kiapo cha utii na pita ya mwendo wa pole, walipoachiwa, binti yangu alinijia kwa hatua ndefu, akasimama, akasema "Shikamoo Mama" kwa sauti ya uwanjani, ndipo akaanza kulia.

Nisingetenda haki kama ningesifu tu. Miezi mitatu ni michache. JKT inasema kazi zake ni malezi ya vijana, uzalishaji mali na ulinzi wa taifa, na kwa muda uliopo malezi na ulinzi hupata nafasi yao ilhali uzalishaji unabaki mguu mfupi wa kigoda. Sisi Makutupora tulikaa msimu mzima: tulisafisha shamba, tukapanda, tukapalilia kwenye jua la Dodoma, tukavuna, na tulikula mahindi ambayo kila mmoja alijua ni mstari gani aliupalilia. Mtu aliyekula alichopanda mwenyewe hubadilika kwa namna ambayo somo la darasani haliwezi kumbadilisha. Kijana wa miezi mitatu anaweza kupalilia lakini hatavuna, au atavuna alichopanda mwingine. Uzalishaji wenyewe haujafa. Shirika la SUMAJKT, lililoanzishwa mwaka 1981, linashughulika na kilimo, ujenzi, samani, ushonaji na ulinzi, na banda lao la Sabasaba huwa najitahidi kulitembelea kila Julai. Ninachotamani ni kwamba kijana wa mujibu wa sheria akutane na kazi hizo kama mfanyaji, hata kwa wiki mbili mfululizo katika karakana au shambani, asizijue kwa mara ya kwanza akiwa mteja wa meza na viti.

Lipo pia suala la nafasi. Kwa miaka mingi wahitimu wa kidato cha sita walikuwa wengi kuliko vitanda vya makambi, hivyo si wote walioitwa, na mafunzo yaliyokusudiwa kuwa ya wote yakawa ya baadhi. Ikiwa nia ni kuwafanya vijana wa taifa hili wajuane, basi kuongeza makambi kungefaa kupewa uzito sawa na kuongeza vyuo. Na wazazi wenzangu nawaomba wasimpeleke mtoto kwa tumaini la ajira. JKT yenyewe husema wazi katika matangazo yake kwamba haitoi ajira wala haimtafutii kijana kazi; anayetaka kuingia katika vyombo vya ulinzi atapita katika taratibu za vyombo hivyo kama waombaji wengine. Nimewaona wazazi wawili mtaani kwetu wakirudi na uchungu kwa sababu walisikia vingine kwa watu, na uchungu huo ulimharibia mtoto kile alichokuwa amekipata.

Kuhusu mabadiliko, nitasema niliyoyaona kwa miezi minne tangu arudi. Shuka za bluu bahari bado anazitumia, na kila asubuhi anazikunja pembeni kwa pembe ya mraba, akipitisha kiganja kutoka katikati kwenda ukingoni mara mbili, kama mjomba wangu wa Kilosa ambaye hakuwahi kumwona. Anaamka bila kuamshwa. Anakula haraka mno, na hilo ninajaribu kumwachisha. Kubwa kuliko yote, mwezi Oktoba rafiki yake wa seksheni moja, binti wa wavuvi kutoka Kigoma, alipata nafasi ya chuo hapa Dar es Salaam akiwa hana ndugu jijini, na binti yangu hakuniomba ruhusa ya kumleta. Aliniarifu tu kwamba wameshaongea, na kwamba atalala naye chumba kimoja mpaka apate bweni. Miaka miwili nyuma mtoto huyo huyo aligombana na dada yake kwa sababu ya droo ya kabati.

Mwaka huu ni zamu ya mpwa wangu wa Kigamboni, ambaye baba yake bado anasitasita. Nimeshampeleka kijana kwa fundi wa Tandika kupimwa kiuno, na mpira tumechagua ule mpana.